Ngumi Huanzia Kisiginoni

Anayetaka kuujua uzuri wa ndondi asianze kwa kutazama mikono. Atazame miguu. Bondia aliyefundwa vizuri anaporusha ngumi ya kulia, kazi huanzia kwenye kisigino cha mguu wa nyuma. Kisigino kinanyanyuka na kugeuka nje, sehemu ya mbele ya wayo inasaga sakafu kama anayeponda mende, goti linafuata, nyonga inafuata, bega linafuata, na mkono ndio wa mwisho kupata habari. Kwa kasi ya kawaida utaona glovu tu. Mwombe aifanye polepole, ndipo utaona uzito ukitoka mguu mmoja kwenda mwingine, viungo vikipokezana.

Ujuzi huu umetokana na kunyimwa. Kanuni za Queensberry za mwaka 1867 zilileta glovu na raundi za dakika tatu, zikapiga marufuku mieleka ulingoni. Mateke hayamo, magoti hayamo, viwiko havimo. Kilichobaki ni ngumi mbili na sehemu ya mwili iliyo juu ya mkanda. Watu wakakichimba hicho kidogo kizazi baada ya kizazi, mpaka wakafika kina ambacho michezo yenye silaha nyingi zaidi haikukifikia. Ndiyo sababu wapiganaji wa kila aina, kutoka karate, Muay Thai hata mieleka, mwishowe hubisha hodi kwa kocha wa ngumi.

Chukua jabu peke yake, ngumi ya mkono wa mbele. Inaonekana nyepesi, na mwanafunzi mwenye haraka huidharau. Lakini humo ndimo mnamopimwa umbali, ndimo mnamovurugwa macho ya mpinzani, ndimo mnamofunguliwa njia ya ngumi nzito. Bega linapanda kulinda kidevu. Ngumi inageuka mwishoni kabisa, kiganja kikitazama chini. Kisha inarudi kwa njia ile ile iliyoendea, haraka kuliko ilivyokwenda. Kurudi huko ndiko kunakochelewa kueleweka, maana mkono unaorudi chini chini huacha shavu wazi, na mpinzani mzoefu husubiri hilo tu.

Katika ukumbi mmoja wa Temeke nilimtazama kijana wa karate akijifunza jambo hilo. Alikuwa na mateke mazuri kwelikweli, na mwili uliozoea nidhamu. Ila kila aliporusha mkono mmoja, mwingine ulirudi kiunoni, kama alivyofundishwa tangu utotoni. Katika karate mkono huo una maana yake: umemshika mtu nguo au mkono, unamvuta kwako. Mbele ya mtu mwenye glovu hakuna cha kushika. Kocha hakumkaripia. Alimpa leso, akamwambia aibane kati ya glovu na shavu.

"Dogo, leso isianguke."

"Na mateke, kocha, tutaanza lini?"

"Leso kwanza."

Ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Jioni ile yote hakupiga kitu kingine ila jabu, na kocha akasimama naye muda wote, akimsukuma kiwiko kwa kidole kila kilipofunguka nje. Mimi naona ufundi wenyewe umo katika subira ya namna hiyo, ya mwalimu na ya mwanafunzi, zaidi ya ilivyo katika nokauti yoyote.

Kuchanganya si jambo la juzi. Paris, katika miaka ya 1830, Charles Lecour alikuwa hodari wa savate, mapigano ya mateke ya Wafaransa ambayo mkono ulitumika zaidi kwa viganja vilivyo wazi. Husimuliwa kwamba alijipima na bondia Mwingereza, Owen Swift, akazidiwa na mikono yake. Lecour akaenda kujifunza ndondi, kisha akaziunganisha ngumi za Waingereza na mateke ya kwao. Savate inayochezwa leo, kwa glovu na viatu, imetokana na muungano huo.

Thailand ndiko mchanganyiko ulikokwenda mbali zaidi. Miaka ya 1920 ulingo wa kamba ulianza kutumika huko, na glovu zikachukua nafasi ya uzi mnene uliokuwa ukizungushwa mikononi. Kutoka katika Muay Thai wakatokea mabondia wa kutisha. Saensak Muangsurin alitwaa ubingwa wa dunia wa WBC mwaka 1975 katika pambano lake la tatu tu la ndondi za kulipwa. Khaosai Galaxy naye alitetea mkanda wake wa WBA mara 19. Lakini ninayempenda kuliko wote ni Samart Payakaroon. Alishinda mikanda ya uwanja wa Lumpinee katika ngazi nne tofauti za uzito, akahamia ndondi, akamwangusha Lupe Pintor wa Mexico mwaka 1986 na kuwa bingwa wa dunia wa WBC, kisha akarudi kwenye Muay Thai. Tazama picha zake za baada ya kurudi: mikono imetulia, haendi mbio, jicho linaona ngumi kabla haijatoka, na kichwa kinasogea kiasi cha kuipisha tu. Kwetu Tanzania, Japhet Kaseba ni mmoja wa waliovuka kutoka ngumi na mateke kuingia ndondi.

Kuvuka kwenyewe si rahisi, kwa sababu desturi nzuri ya mchezo mmoja huwa hatari katika mwingine. Bondia huukanyagia uzito mguu wa mbele na kuugeuza kidogo ndani ili awe mwembamba mbele ya mpinzani. Mbele ya mpiga mateke, mguu huo umepelekwa sokoni: paja liko wazi, na kwa kuwa limebeba uzito, haliwezi kunyanyuka upesi ili ugoko upokee pigo. Bondia hukwepa kwa kuinama. Akiinama mbele ya Mthai, anakutana na goti. Ndiyo maana mpiganaji wa Muay Thai husimama wima zaidi, mguu wa mbele ukigusagusa sakafu, tayari kuinuka. Wima huo nao una bei yake, kwani ngumi hupungukiwa na ile nguvu inayotoka ardhini. Anayechanganya hana budi kuamua, hatua kwa hatua, uzito wake uwe wapi.

Waliolijibu swali hili kwa namna inayonivutia zaidi ni Waholanzi. Jan Plas alijifunza Japani kwa Kenji Kurosaki, mwalimu aliyetoka katika karate ya Kyokushin, akafungua Mejiro Gym mjini Amsterdam mwaka 1978. Mashindano ya Kyokushin yanakataza kupiga ngumi za uso lakini yanaruhusu teke la paja, kwa hiyo urithi huo ulikuja na miguu mizito na pengo kwenye mikono. Pengo likajazwa na ndondi. Rob Kaman, aliyetokea hapo, teke lake la paja likawa jina lake.

Siri yao imo katika mpangilio. Mpiganaji anatoa ngumi ya kulia, nyonga inazunguka kwenda kushoto. Anafuatisha ya kushoto ya kuzunguka, nyonga inarudi kulia, na upande wa kulia wote unakaa umejikunja, umejaa nguvu ambayo bado haijatumika. Upande wa pili, ngumi ile ya kushoto, hata ikizuiwa kwa glovu, inamsukuma mpinzani uzito wake uangukie mguu wa mbele. Sasa mguu huo hauwezi kunyanyuka kujikinga. Na ndio huo huo ambao ugoko wa kulia tayari uko njiani kuufuata, ukisukumwa na kisigino kile kile kilichokuwa kikisukuma ngumi.