Reli, Nzi na Bunduki

Ijumaa jioni, chumbani kwetu Doha. Mwenzangu Mhindi ameegemeza simu kwenye chupa ya maji, anaitazama filamu ya Sholay kwa mara isiyo na idadi. Nami nasogea kitandani kwake kila inapofika zamu ya jambazi Gabbar Singh. Familia ya Thakur, adui yake, imeshauawa, upepo unavuma, bembea inalia kwa kutu, amebaki mtoto mmoja. Bunduki inainuliwa. Mlio! Papo hapo tunaona treni.

Kifo chenyewe hatukioneshwi. Sikio limekwishakimaliza.

Mkato huo Ramesh Sippy, mwongozaji wa Sholay, mwaka 1975, aliutoa kwa Sergio Leone. Katika Once Upon a Time in the West ya 1968, Henry Fonda anamlenga mtoto, na mlio wa risasi unageuka honi ya treni. Wapo wanaouita wizi. Mimi namwona fundi aliyemsikiliza fundi mwenzake mpaka mwisho, maana Leone naye alikuwa mkopaji. Majambazi wake watatu wanaongoja treni stesheni wametoka High Noon ya 1952. Hata Jack Elam, mlevi wa mahabusu katika filamu ile, alimchukua akamketisha pale stesheni ahangaishwe na nzi.

Lakini tazama alichokifanya. Kwa Fred Zinnemann, mwongozaji wa High Noon, wale watatu wanangoja kando, huku kisa chenyewe kikiwa mjini kwa nyota wake Gary Cooper. Leone akafanya kungoja ndiko kuwe kisa. Dakika zinapita bila muziki: kinu cha upepo kinakwaruza, tone la maji linadondokea kofia, nzi anazunguka. Treni inapofika, mtazamaji ameshachoka kwa hofu. Mimi nikiisikia bembea ya Sholay, nakisikia kinu kile kimehamia India.

Mkopo uliokomaa zaidi, kwangu, ni filamu ya Theeb ya Naji Abu Nowar, ya mwaka 2014, ambayo Taasisi ya Filamu ya Doha ilikuwa miongoni mwa waliochangia. Ni mwaka 1916, jangwa la Wadi Rum. Hakuna kofia pana wala baa. Kuna kisima, mtoto wa Kibedui, na mwuaji aliyejeruhiwa ambaye mtoto huyo hawezi kuokoka bila yeye. Na reli ipo. Kwa Leone reli inaleta mji; hapa imewanyang'anya riziki waliokuwa wakiwaongoza mahujaji, na yule mwuaji ni mmoja wao. Abu Nowar ameichukua treni ileile, akaitazama kutoka kwa aliyeachwa kando ya njia. Msomaji wa Mombasa hahitaji kufafanuliwa: reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wapagazi wa misafara walibaki na mabega yao.

Mwenzangu amerudisha nyuma kidogo. Safari hii nimefumba macho. Upepo. Bembea. Mlio.

“Umelala?” ananiuliza.

“Nasikiliza.”