Minara Yetu na Mtenda Asiyetajwa

Mnara wa ukumbusho ni maandishi, nao wastahili kuhakikiwa kama shairi au riwaya. Wapitao hutazama ukubwa wake na uzuri wa mawe yake. Sisi walimu wa lugha yatupasa kuuliza swali la darasani: sentensi hii, mtenda wake ni nani?

Tuanze na Bujumbura. Juu ya mji, katika kilima cha Vugizo, amezikwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyepigwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru. Huko chini, barabara kubwa ilijulikana kwa miaka mingi kwa jina la Boulevard du 28 Novembre. Hiyo ndiyo siku ya mwaka 1966 ambayo Kapteni Michel Micombero aliuangusha ufalme. Hivyo mji ule ule ulimheshimu mwana wa mfalme kilimani, na barabarani ukaisifu siku jamaa yake walipopokonywa kiti. Micombero naye alipinduliwa mwaka 1976, lakini tarehe yake ilibaki vinywani mwa watu. Wengi waliitaja tarehe pasipo kulijua tendo.

Chini ya utawala huo huo lilitokea jambo zito zaidi. Mwishoni mwa Aprili 1972 waasi waliwashambulia na kuwaua Watutsi kusini mwa nchi. Kisha jeshi na vijana wa chama tawala wakawaua Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Kwa miaka mingi wajane hawakuruhusiwa kuomboleza hadharani. Watu waliyaita mauaji hayo *ikiza*, yaani balaa, neno lifaalo pia kwa tauni. Tauni haina mtenda. Haishitakiwi wala haiombi radhi.

Sasa tuutazame mnara uliosimamishwa Gitega baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, kwa ajili ya wahanga wote. Maneno yake ni haya: *Twibuke twese, ntibigasubire*. Kwa Kiswahili tungesema: tukumbuke sote, visirudie tena. Kitenzi cha kwanza kina kiima bora, nacho ni sisi sote. Lakini katika kitenzi cha pili kiima ni *bi-*, ndugu wa *vi-* yetu. Ni vitu gani hivyo? Nomino haipo. Msomaji aijaze mwenyewe, na kila mmoja huijaza kwa msiba wa nyumbani kwake.

Hatusemi kwamba sentensi hiyo ni mbaya. Huenda ilikuwa ndiyo pekee ambayo wote wangekubali kuisoma. Wako pia wasemao kwamba kutaja ni kutonesha kidonda. Hoja hiyo twaiheshimu, lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Hata hivyo kutaja nako kuna hila yake. Mwaka 1996 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema kwamba mwaka 1993 vilitendwa vitendo vya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi; huko Kibimba mnara unawakumbuka wanafunzi waliochomwa moto mwaka huo. Mwaka 2021 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitamka kwamba mauaji ya 1972 yalikuwa ya kimbari dhidi ya Wahutu. Anayeishika sentensi moja na kuifuta ya pili hajakumbuka. Amebadilisha tu jina la barabara.

Basi, walimu wenzetu, mpelekapo wanafunzi penye mnara wowote, wa Bujumbura au wa kwenu, wapeni zoezi hili: wanakili maandishi, kisha waandike chini yake sentensi kamili, yenye mtenda, tendo, mtendwa na mwaka. Mtoto atakayeshindwa asiadhibiwe. Ulizeni kwanza ni nani aliyemfichia jibu.