Dakika Tano za Midway

Mtu aliyekuwepo vitani hupewa heshima na wasikilizaji, na ni haki yake. Lakini kitabu cha Jonathan Parshall na Anthony Tully, Shattered Sword, kilichotoka mwaka 2005, kinatukumbusha kuwa heshima ni kitu kimoja na ushahidi ni kitu kingine.

Kinahusu vita vya Midway vya Juni 1942, ambamo Japani ilipoteza manowari nne za kubeba ndege: Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu. Kwa muda mrefu kisa hiki kilisimuliwa kwa kufuata maneno ya Mitsuo Fuchida, rubani aliyeongoza ndege zilizoshambulia Pearl Harbor mwaka 1941. Siku ya Midway alikuwa ndani ya Akagi, mgonjwa aliyetoka kupasuliwa kidole tumbo. Katika kitabu alichoandika na Masatake Okumiya mwaka 1951, alieleza kwamba ndege za Kijapani zilikuwa zimejipanga juu ya sitaha, zimebakiza dakika tano tu ziruke, ndipo mabomu ya Wamarekani yakashuka. Ni kisa kitamu: ushindi uliponyoka kwa bahati mbaya.

Parshall na Tully wanakipangua kwa subira ya fundi. Wanahesabu muda wa kupandisha ndege kutoka chini, kuzipanga na kupasha moto injini. Kisha wanalinganisha na saa ambazo ndege za ulinzi zilitua na kuruka asubuhi ile. Hesabu inakataa. Ndege za mashambulizi zilikuwa bado chini ya sitaha, pamoja na mabomu na petroli, na huko ndiko moto ulikokula meli. Kilichoiangusha Japani kilikuwa mipango mibovu na kiburi cha miezi sita ya ushindi.

Ushindi huo ulitikisa hata pwani yetu. Aprili 1942, Akagi, Soryu na Hiryu zilikuwa miongoni mwa meli zilizopiga Colombo na Trincomalee, na sehemu ya manowari za Waingereza ikarudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa.

Lililonigusa zaidi ni hili: historia rasmi ya Japani ilikwisha kumsahihisha Fuchida mwaka 1971. Kwa miaka 34 ukweli ulikuwa umechapwa, lakini kwa Kijapani, na wasomaji wa Kiingereza wakaendelea kurudia ngano. Sisi ambao sehemu kubwa ya habari zetu imehifadhiwa kwa lugha za wengine tunaujua ugonjwa huo.

Kitabu kina uzito wake. Vipimo vya mitambo ni vingi, na asiyezoea meli atachoka. Hata hivyo, hesabu hizo hizo ndizo zinazowarudisha waliosahauliwa. Kati ya Wajapani zaidi ya 3,000 waliokufa, marubani na wenzao wa angani walikuwa 110 tu. Wengi wa waliobaki walikuwa mafundi na mabaharia, na wengi wao walifia chini, kwenye moshi, bila kuiona ndege iliyowaua. Katika dakika tano za Fuchida hawakuwa na nafasi.