Upokezi wa Mwendelezo: Tathmini ya The Last of Us Part II

Mwendelezo wa kazi inayopendwa huhukumiwa kwanza kwa kumbukumbu ya kazi iliyoutangulia. The Last of Us Part II, mchezo wa video wa kampuni ya Naughty Dog ya Marekani uliotoka tarehe 19 Juni, 2020, ulihukumiwa hata kabla ya hapo. Mwishoni mwa Aprili vipande vya video vilivuja, na wengi wakajua kwamba Joel angeuawa mapema, tena na Abby, mhusika mgeni kabisa. Mchezo ulipotoka, alama za watumiaji katika tovuti ya Metacritic ziliporomoka ndani ya saa chache, ilhali kuukamilisha huchukua takribani saa 25. Ni dhahiri kwamba wengi walitathmini uvumi. Vitisho vya kuuawa alivyotumiwa Laura Bailey, aliyemwigiza Abby, havihusiani na uhakiki wa aina yoyote.

Hata hivyo, uovu wa baadhi ya walalamikaji hauufanyi mchezo kuwa bora. Tangazo moja la video lilimweka Joel katika tukio ambalo, mchezoni, ni la Jesse. Aliyesema amepotoshwa hakukosa ushahidi. Aidha, kwa mujibu wa dhana ya Hans Robert Jauss ya upeo wa matarajio, matarajio hayo yalijengwa na watunzi wenyewe. Mchezo wa 2013 ulimfanya mchezaji amlinde Ellie kwa mikono ya Joel hadi kumuua daktari aliyetaka kumpasua. Uchungu wa kumpoteza Joel ni zao la ufundi wao.

Lalamiko zito zaidi linahusu msuko. Mchezaji humwongoza Ellie siku tatu jijini Seattle akisaka kisasi; taharuki inapofika kileleni, simulizi hukatwa na siku zilezile huanza upya kwa Abby, binti wa yule daktari. Ukataji huo unachosha, na saa kadhaa za sehemu ya Abby zingeweza kupunguzwa bila hasara. Lakini hapo ndipo mchezo unapopata nguvu yake. Mbwa Alice, aliyekwisha kuuawa na Ellie, hukutwa tena akiwa hai miongoni mwa rafiki zake Abby, na mchezaji anajua ni mikono ipi iliyommaliza.

Udhaifu wa kweli uko kwingine, na kelele za mwanzo ziliufunika. Katika tukio la Nora, mchezaji hulazimika kubonyeza kitufe ili ampige mtu asiyeweza kujitetea. Njia nyingine pekee ni kuzima mashine. Watetezi husema kwamba kukosa uchaguzi ndiko kunakoonyesha ukaidi wa Ellie. Hoja hiyo ingesimama kama mchezo usingetaka pia mchezaji ajione mshiriki wa hatia. Kule Santa Barbara, Ellie anamwachilia Abby kwa uamuzi wake mwenyewe: aliyetaka kuacha mapema hakusikilizwa, na aliyetaka kisasi anapokonywa. Mkono wa mchezaji ulihitajika kwa ukatili, haukuhitajika kwa msamaha.

Tukio la mwisho halina kasoro hiyo. Ellie, aliyepoteza vidole viwili katika pambano hilo, anashika gitaa ambalo Joel alimfundisha kulipiga. Mchezaji anapapasa kidhibiti, na baadhi ya sauti hazitoki.