Ile fou ni pioni ao ni fou?

Wandugu, najua wengine mtacheka: mtu amesoma agronomia, ametetea lisansi yake, kisha anakaa Rughenda anapima wafalme wa plastiki kwenye mizani ya mbegu. Chekeni kwanza, kisha mnisome. Mizani ile ilibaki nyumbani tangu kazi yangu ya mwisho wa masomo juu ya maharagwe, ilikuwa inalala bure.

Niko na seti tano za sataranji (échecs, vile tunasema barabarani), zote za plastiki. Mbili ni za Uchina, zile za ubao wa katoni unaokunjwa katikati. Moja ni ndogo ya sumaku, mjomba aliniletea aliporudi Kampala kwa biashara zake. Ya nne ilikuja ndani ya mzigo wa vitu vilivyotumika vya Ulaya, bila kisanduku, imefungwa ndani ya soksi. Ya tano ndiyo inanifanya niandike: nyekundu na rangi ya maziwa, nzito mkononi. Ilikuwa ya mwalimu mmoja mzee wa mtaa wetu, marehemu sasa. Mjane wake aliniuzia kwa bei ndogo na akaongeza neno moja: isikae bure.

Binamu yangu aliye Ubelgiji ananiambia kule kuna watu wanakusanya seti za zamani za plastiki na wanazilipia vizuri. Nikasoma namna wanavyozihukumu. Vipande viwe vyote 32. Kisanduku kiwe kile cha mwanzo. Msalaba wa mfalme usiwe umevunjika, nyeupe isiwe imegeuka njano. Naheshimu bidii yao, juu bila wao hakuna mtu angekumbuka kwamba kampuni kama Drueke ya Grand Rapids, Marekani, ilitengeneza seti za plastiki zenye uzito ndani, za watu wazima wa kucheza kweli. Lakini angalieni vigezo vile vizuri: seti inayopata pointi nyingi kuliko zote ni ile ambayo hakuna mtu alicheza nayo. Kwetu agronomia, hiyo ni kama kutoa zawadi kwa mbegu ambayo haikupandwa.

Kuna pia wale wanaosema plastiki ni ya maskini, seti ya kweli ni ya mti. Hao nawajibu kwa historia. Kabla ya plastiki, seti za matajiri zilichongwa kwa pembe za ndovu. Misafara ya watu kama Tippu Tip ilibeba pembe kutoka mashariki ya Kongo hadi pwani, kuelekea Zanzibar, na Kiswahili hiki ninachoandika kilipita njia ile ile. Kisha mwisho wa karne ya 19 pembe zetu zikageuzwa njia, zikawa zinaenda Antwerp. Hata kabla ya hapo Wamarekani walikuwa wanatafuta kitu cha kuchukua nafasi ya pembe kwenye mipira ya biliadi. Ni katika kutafuta huko John Wesley Hyatt alifikia seluloidi, mwaka 1869. Mwaka 1907 Leo Baekeland, mzaliwa wa Gent kule kule Ubelgiji, akatengeneza bakelite huko Marekani. Kwa hiyo plastiki ilizaliwa kama jibu kwa pembe zilizokuwa zinatoka kwetu. Sisemi iliokoa ndovu, waulizeni walinzi wa Virunga. Nasema tu kwamba sisi ndio watu wa mwisho wa kuidharau.

Na huyo ndovu hajatoka mchezoni. Kile kipande Wafaransa wanakiita fou, Waingereza wanakiita askofu, Warusi mpaka leo wanakiita slon, yaani tembo, na kwa Waarabu ni al-fil, tembo vilevile. Ule mkato wa kichwani, Mwingereza anaona kofia ya askofu. Katika seti za kale za Waislamu zilikuwa pembe mbili za tembo.

Sasa twende kwenye seti zenyewe.

Katika seti moja ya Uchina, mkato ule haupo. Kalibu imechoka, plastiki imemiminwa haraka, kichwa cha fou kimetoka laini kama cha pioni, na kimo chao kinapishana kidogo sana. Mtoto wa kwanza niliyemfundisha aliniuliza: "Grand, ile fou ni pioni ao ni fou?" Sikuwa na jibu la heshima. Kwenye dame tunaweka vifuniko vya Primus dhidi ya vifuniko vya Fanta na hakuna anayelalamika, juu kule kila kipande ni sawa na mwenzake. Sataranji si hivyo. Umbo ndilo linakuambia kipande kinaenda wapi. Umbo tunalolitumia, Nathaniel Cooke aliliandikisha London mwaka 1849, nyumba ya Jaques ikaliuza, likapewa jina la bingwa Howard Staunton. Mnara ni mnara, malkia ana taji, farasi ana kichwa cha farasi, unawatambua hata ukiwa upande wa pili wa meza. Seti inayofuta tofauti hizo ni kama kitabu cha kwanza cha kusoma ambacho herufi b na d zimechapwa sawasawa. Kisha tunasema mtoto hana akili.

Uzito. Mfalme wa Uchina: gramu 7. Mfalme wa mzee mwalimu: gramu 38. Shirikisho la dunia, FIDE, linapendekeza mfalme wa kimo cha sentimita 9.5 hivi, na kitako chenye upana wa asilimia 40 hadi 50 ya kimo. Mfalme wa mzee ana sentimita 9.2 na kitako cha 3.8, yaani asilimia 41. Yule wa Uchina ana 7.5 kwa 2.4, ni asilimia 32. Mtasema napima upuuzi. Njoni mcheze kando ya uwanja wa ndege wa Rughenda, pale pa wazi, mu upepo wa mchana. Kwa seti ya gramu 7 unatumia mkono mmoja kucheza na mwingine kushika jeshi. Mtoto anajifunza kuogopa kusogeza kipande, na anayeogopa kusogeza hawezi kufikiri mbali.

Ile ya soksi ni ya katikati. Haina uzito ndani, lakini kitako ni kipana na farasi wake wamechongwa vizuri, na shingo ndefu. Mshono wa nusu mbili unapita katikati ya manyoya ya shingo na unakwaruza kidole. Ya sumaku sitaisemea mengi: ni nzuri ndani ya gari, mbaya kwa kufundishia, watoto sita hawawezi kuiangalia pamoja.

Nilifanya pia jaribio la maji, lile la kuchagua mbegu. Unahakikisha hewa yote imetoka ndani ya kipande kisha unakizamisha. Pioni wa Uchina alielea hata kwenye maji matupu. Wa soksi alizama kwenye maji matupu, nilipotia chumvi ya kutosha akapanda. Hiyo ni tabia ya polistirini. Pioni wa mzee, aliyekuwa amekwisha kupoteza uzito wake wa ndani, alizama kote kuwili. Plastiki za zamani kama bakelite na asetati ya selulosi zinafanya hivyo. Maji hayatoi cheti, lakini yananitosha.

Nisiwadanganye, seti ya mzee si malaika. Kitambaa cha chini mende wamekila, vipande vinalia kwenye ubao. Malkia na mfalme wanakaribiana mno kwa kimo. Na kasoro kubwa kuliko zote: ukipoteza kipande, hakuna mahali pa kukitafuta. Hapo Mchina anashinda. Pioni wake akipotea, unanunua seti nzima nyingine na maisha yanaendelea.

Wengi wetu tuliiona Queen of Katwe, filamu ya 2016 juu ya Phiona Mutesi na mwalimu wake Robert Katende, kule Kampala. Binti yule alipata cheo cha kimataifa kwenye Olimpiadi ya Istanbul 2012. Tulipotoka tukazungumzia kipaji tu. Mimi siku hizi nikiirudia macho yanaenda mezani: walikuwa wanashika farasi gani?

Nauliza juu ya lililonipata. Seti ya mzee ilikuwa inatoka Jumapili tu, baada ya misa. Miongoni mwa watoto kuna mmoja, miaka kama 11, familia yao ilikimbia upande wa Oicha na inakaa kwa jamaa. Siku moja mvua ilitushika, kila mtu akabeba alichoweza. Nyumbani nilihesabu 31. Farasi mwekundu mmoja hayuko, na yule mtoto ndiye alikuwa amebeba wekundu. Nilimpigia kelele mbele ya wenzake, kelele nyingi kuliko thamani ya plastiki ile, juu kichwani nilikuwa nasikia bei ya binamu. Jumapili mbili hakuonekana. Tulitia kifuniko cha Fanta mahali pa farasi. Mchezo wa kwanza tu, mtu akakisogeza kama pioni. Tukajaribu farasi wa Uchina, upepo ukamlaza.

Jumapili ya tatu mtoto alirudi. Hakusema kitu, alikaa upande wa wekundu, upande wenye kasoro, akaanza kupanga. Na mimi sikusema kitu. Nilipaswa kusema.

Binamu ameandika kwamba sasa seti ile haina bei. Sawa. Lakini farasi bado namtafuta. Mwenye kuona farasi mwekundu wa plastiki, kimo sentimita 6, kitako 2.9, mdomo umefunguka kidogo, aniandikie, hata kama ni wa seti nyingine, mradi asiwe mwepesi. Jumapili tunaanza saa tisa za mchana, kama mvua imetuachia.