Mlio Unafuata Nini?

Mnunuzi wa gari lililotumika akisikia mlio asiouelewa huuliza kwanza unatoka wapi. Swali hilo humpoteza, maana bodi la gari husafirisha sauti, na beringi ya gurudumu la nyuma inaweza kusikika kama iko chini ya kiti cha dereva. Kinachotakiwa kujulikana kwanza ni mlio unafuata nini: mzunguko wa injini au mwendo wa magurudumu. Chukua Toyota IST yenye injini ya 1NZ, gari lililojaa Dar es Salaam. Kwa kilomita 60 kwa saa, tairi lenye mzingo wa takriban mita 1.8 huzunguka kama mara 9 kwa sekunde, ilhali injini iliyo kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika huzunguka mara 30. Kasi hizo mbili hutenganishwa kirahisi. Piga resi gari likiwa limesimama. Mlio ukipanda pamoja na resi, usihangaike na magurudumu. Usiposikika, ingia barabarani, shikilia 60, kisha teremsha gia moja bila kubadili mwendo. Injini itapanda, magurudumu yatabaki pale pale. Mvumo usipobadilika, umeshaiondoa injini kwenye orodha ya washukiwa. Sasa yumbisha usukani kidogo kulia: uzito hulalia upande wa kushoto, na mvumo ukiongezeka, shuku beringi ya kushoto. Tairi lililolika vibaya huvuma pia, ila sauti yake hubadilika lami inapobadilika. Ta-ta-ta wakati wa kukata kona kali ni dalili ya jointi za ekseli za mbele.

Wapo watakaosema fundi mzoefu hahitaji haya, sikio lake linatosha. Linatosha kwa gari analolisikia, lakini muuzaji ndiye anayeamua alisikie katika hali gani. Kwenye 1NZ, kikaza cheni ya taimingi hutegemea presha ya oili. Cheni iliyochoka inaweza kukwaruza sekunde chache za kwanza injini ikiwa baridi, kisha oili ikifika inanyamaza. Gari lililokwishawashwa kabla hujafika halitakuonyesha hilo, hata uwe fundi gani. Kwa hiyo gusa boneti kwanza. Ikiwa ya moto, rudi kesho asubuhi.

Hoja nyingine, inayopendwa yadini, ni kwamba gari la zamani lazima lipige kelele. Sawa, lakini uzee hauzifanyi kelele zote kuwa za bei moja. Beringi ya gurudumu hubadilishwa kwa siku moja na gharama yake inaweza kukatwa kwenye bei. Mlio mzito wa kugonga chini ya injini, unaozidi gari likipanda mlima, unaweza kudai injini nyingine. Muuzaji akikukatalia kuwasha gari likiwa baridi au kulitoa barabarani, usilinunue.