Tazama Kitovu

Nyumbani kwetu Unguja mkate wa kumimina huanza usiku. Mama mkubwa hupima vikombe viwili vya mchele, akauchagua kwenye ungo, akauosha, akauroweka kwenye bakuli la maji, kisha akaenda kulala. Utotoni sikulihesabu hilo kuwa ni kazi. Sasa ninaposimama jikoni pamoja naye, naona kwamba sehemu kubwa ya ufundi wake imo ndani ya saa ambazo mikono yake haigusi kitu.

Asubuhi nyumba nzima inapata shughuli. Kaka yangu anakaa kwenye mbuzi kukuna nazi, na anajua kukoma: meno ya mbuzi yakishafika kwenye ile ngozi ya kahawia iliyogandana na kifuu, tui huingia weusi na mkate hupoteza weupe wake wa ndani. Binti yangu anamenya iliki na kuzitwanga. Tui hukamuliwa kwa maji kidogo mno, kikombe kimoja na nusu tu, kwa sababu ndilo litakalosagia mchele, na tone likizidi halirudi tena.

Zamani mchele ulitwangwa kinuni. Sisi tunatumia blenda, kwa vituo, ili isipate moto ikaupika mchele kabla ya wakati. Mama mkubwa hachunguzi kwa macho. Huchovya vidole viwili, akavisugua: chenga zikisikika, blenda inawashwa tena. Ulaini huo pekee hautoshi. Rojo likiinuliwa kwa mwiko lazima lishuke kama utepe usiokatika, na juu ya hilo hana mzaha hata kidogo. Nilichukua miaka kuelewa sababu. Unga wa ngano una gluteni, inayovutika kama mpira na kuishika hewa ya hamira. Mchele hauna. Katika mkate huu mapovu hushikiliwa na uzito wa rojo lenyewe, basi rojo likiwa jepesi hewa hupanda juu ikatoroka, na kinachobaki ni kitu bapa, kizito, kilichoshikana mithili ya ubwabwa uliolala.

Hamira huingia pamoja na sukari na iliki, bakuli likafunikwa kwa kitambaa. Hapo saa haina kauli. Wakati wa Kaskazi, joto limekaa ndani ya kuta, rojo huumuka upesi; wakati wa Kusi linaweza kuchukua muda maradufu, na mama mkubwa huliweka karibu na jiko kama anayemwotesha mtoto moto. Anafunua pembe ya kitambaa, ananusa, anafunika. Kuna harufu anayoingoja, utamu wenye uchachu wa mbali sana. Uchachu ukisogea karibu, umechelewa: rojo litazama lenyewe, na hakuna sukari ya kuliokoa. Likiwa tayari, anapiga ute wa yai moja hadi utoe povu, akauchanganya taratibu kutoka chini kwenda juu. Mtu akikoroga kwa nguvu hapo amezipasua saa zote za asubuhi kwa dakika moja.

Mkate huu ni ndugu wa vitumbua na vibibi, na ng'ambo ya bahari, kule Kerala, watu wana appam yao, nayo ni mchele na nazi vilivyoumuliwa. Ila kwetu kuna hatua moja ambayo kila nikiitazama moyo hunidunda.

Sufuria hupashwa moto juu ya makaa yaliyokwisha kutulia, yenye jivu usoni. Hupakwa mafuta chini tu, kwa upesi, kama mtu anayefuta vumbi. Kando haziguswi, maana kando ndizo zitakazoushika mkate. Rojo humiminwa mara moja, bila kusita, na mlio wake ni wa chini, si wa kuchachatika. Kisha matundu yanaanza, kwanza ukingoni, halafu yanaingia ndani, yakipasuka moja moja na kubaki wazi. Uso ukishakauka, mama mkubwa hushika sufuria kwa vitambaa viwili na kuipindua kifudifudi juu ya jiko. Mkate unaning'inia kichwa chini juu ya makaa, umeshikwa na kando zake tu, mpaka uso upate rangi ya dhahabu. Wapo wanaopalia makaa juu ya kifuniko, na wapo wanaomalizia kwenye oveni, na mikate yao inaliwa vizuri. Lakini ule moshi mwembamba wa nazi unaopanda wakati uso unatazamana na moto, huo sijaupata kwingine.

Mara ya kwanza nilipoachiwa sufuria, niliipindua mapema. Katikati ya mkate ilimwagika yote kwenye makaa, ua ukajaa moshi wa sukari iliyoungua, na watoto wakakimbia. Mama mkubwa alifagia jivu, akapanga makaa upya.

"Ulitazama ukingo," akaniambia. "Ukingo hukauka kwanza kwa kila mtu. Tazama kitovu."

Tangu hapo najua kumtazama yeye. Macho yake hayatoki katikati ya sufuria, na kabla ya kupindua hugusa pale kwa mgongo wa kidole, kwa wepesi wa mtu anayempima homa mtoto aliyelala. Kidole kikitoka kikavu, anavuta vitambaa.

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika magharibi, mkate wa pili ukiwa jikoni. Binti yangu alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria, vitambaa mkononi.

"Bibi, bado?"

Mama mkubwa hakumjibu. Aliwasha tochi ya simu, akaishikilia juu ya kitovu cha mkate, akanyamaza.